Mpingo kwenye Meno

Fundi hakuwa na sikio la kushoto la kufaa kitu, na la kulia lilikuwa mbioni kulifuata. Hakuwa na msumeno wa umeme, maana huo ndio uliomla masikio huko kiwandani alikotoka. Hakuwa na cheti. Hakuwa na mtoto wa kumwachia patasi. Hakuwa na subira wala shukrani, kama alivyopenda kusema mke wake. Zaidi ya yote, hakuwa na shemeji wa kukaa naye chumba kimoja wakamaliza siku bila kugombana, na shemeji aliyekuwa naye, mdogo wa mke wake, alifanya naye kazi katika karakana moja.

Walitengeneza magitaa. Fundi alichonga na kuunga. Shemeji alipiga msasa, akapaka vanishi, akafunga nyuzi na kuuza. Shemeji alikuwa na tabia ya kumtukana Fundi akiwa amempa mgongo, ili midomo yake isisomeke. Fundi naye, kila alipoona mabega ya shemeji yanatikisika, alimrushia kipande cha ubao.

Uso wa gitaa hawakuugombania. Wote walikubali kwamba uso ni mwerezi, mti mwepesi unaotetemeka ukiguswa tu. Waligombania mgongo na mbavu. Fundi alitaka mpingo, mweusi, mzito, mgumu hata patasi inalia. Shemeji alitaka mkangazi, mwekundu na mpole.

"Mkangazi ni mti wa makabati," alisema Fundi. "Sauti ikiingia humo inalala."

"Na wewe unajuaje kama imelala au iko macho?" Hilo shemeji alilisema akimtazama usoni, polepole, kila neno lisomeke.

Fundi alijua kwa meno. Masikio yalipoanza kumtupa, alijizoeza kung'ata ukingo wa gitaa huku akipiga nyuzi. Sauti ilipanda kwenye taya ikaingia kichwani bila kupita masikioni. Kwa njia hiyo alikuwa amechagua mbao miaka mingi, na alama za meno yake shemeji alizifuta kwa msasa huku akilaani.

Siku moja alikuja mwalimu wa muziki, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Shule yake ilitaka magitaa ya darasa zima.

"Nasikia mnagombana," alisema. "Tengenezeni moja la mpingo na moja la mkangazi. Nikishachagua, mwenye karakana aniandikie barua kuthibitisha mti. Bila barua yenye sahihi yake, wakubwa wangu hawanielewi."

Mwenye karakana alikuwa Fundi. Mwalimu alipoondoka, shemeji aliziba mlango kwa mwili wake.

"Mpingo ukishindwa, mbao nachagua mimi humu ndani mpaka tukuzike."

"Na mkangazi ukishindwa, unarudi kuuza viatu."

"Utaliharibu langu makusudi."

"Sijawahi kuharibu gitaa makusudi, shemeji. Wewe ndiye huwa unaharibu bila makusudi."

Basi Fundi aliyachonga yote mawili. Alipasua ubao mmoja wa mwerezi, nusu ikawa uso wa hili na nusu uso wa lile. Kalibu ya kukunjia mbavu ilikuwa moja, gundi moja, nyuzi za aina moja. Kilichotofautiana ni mgongo na mbavu tu. Shemeji alisimama nyuma yake kila siku kama askari wa gereza, na Fundi, ukweli usemwe, hakupunja popote.

Mwalimu aliporudi, alikaa akitazama ukuta asione rangi ya mti. Aliyepiga alikuwa mke wa Fundi, kwa kuwa wanaume wale hawakuaminiana.

"Napiga wimbo ule ule mara mbili," aliwaonya. "Atakayenisingizia hali chakula kwangu leo."

Alipiga la mkangazi. Kisha akapiga la mpingo. Fundi alimkodolea macho mwalimu, akingoja ageuke aisome midomo yake.

"La kwanza," alisema mwalimu, akigeuka. "Linajaza chumba bila kugombana na mtu. La pili linachoma. Kila sauti ina ncha. Darasa zima wakipiga hivyo, mimi natoka mbio."

Shemeji alipiga makofi mara moja tu, akaacha.

Fundi alilinyakua gitaa la mpingo, akaling'ata, akavuta uzi. Kichwa chake kizima kikawaka. Akang'ata la mkangazi. Ilikuwa kama kutafuna godoro. Akakaa kwenye benchi, vumbi la mbao likimshika suruali.

"Yamekuwa yakichoma tangu lini?" alimuuliza mke wake.

"Tangu sikio lako la kulia lianze kukutupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa umenipa mgongo."

Hapo ndipo alipoelewa. Mti mgumu ndio uliosema na mifupa yake, kwa hiyo mti mgumu ndio alioupenda. Miaka yote hiyo alikuwa akiwauzia watu magitaa ya taya lake mwenyewe.

"Andika barua," alisema shemeji, akimsogezea karatasi. "Andika mkangazi. Halafu nipe niisome, nisije nikakuta umechomeka mpingo wako."

"Husomi."

"Nitasoma."

"Ukiigusa nakukata kidole. Patasi imenolewa."

Mwalimu alikwisha kushika njia. Fundi aliinamia karatasi, mkono wa kushoto umekinga maandishi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

Aliandika: "Mwalimu, migongo na mbavu zitakuwa za mkangazi, nyuso za mwerezi. Nitazichonga mimi. Mbao atachagua shemeji yangu. Ana masikio mazuri kuliko yangu, na hata nilipokuwa nasikia alikuwa nayo mazuri kuliko yangu. Mikono yake ni ya hovyo, usimruhusu akushawishi vinginevyo."

Akatia sahihi, akakunja, akaingiza kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akafungua kopo la gundi ya magitaa, ile isiyoachia mpaka ubao wenyewe upasuke, akaipaka ukingoni kote, akabana bahasha kwenye jiliwa la kubania mbao.

"Una siri gani humo?" aliuliza shemeji.

"Nimekutukana."

Ilipokauka aliichomoa, akajaribu kuifungua kwa kucha, ikakataa. Akaenda nayo mwenyewe hadi posta, shemeji akimfuata nyuma huku akimtukana, na akaitumbukiza kwenye sanduku bila kugeuka.