Kitufe cha Kwenye Dashibodi

Laptop ilifungwa chini ya kiti cha abiria cha gari lake, na kila alipotaka kuiwasha, fundi wa magari alilazimika kupiga magoti barabarani na kuingiza mkono mpaka begani. Hiyo ndiyo iliyomsomea hitilafu za injini za wateja, ndiyo iliyolisha nyumba. Mgongo wake ulikuwa hoi.

"Shemeji, kazi ndogo hiyo," alisema kaka wa mkewe, mfunga honi na taa za magari. "Nakuletea kitufe cha kuiwashia hapa kwenye dashibodi, unabonyeza umekaa kama bosi."

"Usije ukaniulia mashine."

"Nafunga honi za malori, kidude hiki ndicho kinishinde?"

Fundi alitaka kukagua nyaya kwanza, lakini alikuwa amekesha kazini na usingizi ulimlemea. Akaegemea usukani, akasinzia. Shemeji akafunga kitufe kama anavyofunga vya honi: waya mmoja akautoa moja kwa moja kwenye betri ya gari. Kumbe kitufe cha laptop hakitaki umeme wa nje. Kinataka nyaya zake mbili zigusane tu.

"Amka, bosi. Bonyeza."

Akabonyeza. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa garini.

"Labda fyuzi," shemeji alisema, akitazama nje.

"Fyuzi, shemeji? Fyuzi?"

Laptop iliungua, ikaondoka na programu ya kusomea injini, na mwenye lori aliyekuwa akimsubiri akaenda kwa fundi mwingine.