Taa Iliyomkataa Bernardine

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao ndani yake, na ilikuwa na tabia moja ambayo Byamungu hakuweza kuieleza. Iliwaka pale tu dada yake Bernardine alipokuwa ndani ya gari, tena wakati wa kurudi nyumbani.

Byamungu alikuwa amefundisha fizikia Uvira kabla ya kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hakuwa mtu wa kuamini kwamba gari linaweza kumchukia abiria. Gari lake lilikuwa la Kijapani, la haibridi: injini ya petroli mbele, mota ya umeme kando yake, na betri kubwa iliyofichwa nyuma ya siti ya abiria wa nyuma. Alilinunua kwa Valentin, jirani yake wa Kashojwa pale kambini, katika wiki ambayo Valentin alipata safari ya kuhamia Kanada. Pamoja na ufunguo alipewa kitabu cha maelezo kilichoandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kila asubuhi sauti ya mwanamke ilimsalimia kutoka kwenye dashibodi kwa lugha hiyo hiyo, naye kila asubuhi aliitikia, "Bonjour, madame," kisha akashika njia ya Mbarara na abiria wake.

Abiria hao hawakuwahi kuiwasha taa. Walikuwemo wafanyabiashara wanene waliobanana nyuma kama mahindi kwenye gunzi, na gari lilipanda milima bila kulalamika. Bernardine, ambaye ugonjwa ulikuwa umemwacha mwepesi kama kapu tupu, ndiye aliyeiwasha.

Alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya majuma matatu Byamungu alimpeleka hospitali Mbarara kutiwa dawa mshipani. Asubuhi dada huyo aliketi mbele, kilemba kimekaa sawa, akiwasema majirani njia nzima. Alasiri hakuweza kuketi. Alilala kwenye siti ya nyuma, kichwa upande wa kulia, amejifunika blanketi zito jekundu lenye picha ya simbamarara, zawadi ya akina mama wa kanisani. Wakishapita Kaberebere na kuanza kilima, taa iliwaka, mota ikakata, injini ikabaki peke yake ikinguruma, na gari likatambaa. Safari ya mwisho liligoma kabisa katikati ya mwinuko. Bernardine alitapika kando ya barabara, juani, huku magari ya watu wengine yakipita.

Conrad, fundi wa Biharwe, alichomeka kimashine chake chini ya usukani na kusoma.

"Mashine inasema betri kubwa. Hiyo betri imekufa."

"Kama imekufa, mbona siku zingine zote inafanya kazi?"

Conrad alifikiri. "Imekufa pole pole," akasema.

Jibu hilo halikumtosha Byamungu, kwa hiyo alianza kupima. Huenda ni petroli ya Mbarara: akajaza kituo kile kile, akarudi na abiria, taa haikuwaka. Huenda ni joto la mchana: akasafiri saa ile ile, jua lile lile, taa haikuwaka. Huenda ni uzito, au mlima, au mwendo. Alibadili jambo moja kila safari na kuacha mengine kama yalivyo, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Kila mara taa ilikaa kimya. Mwishoni alirudi peke yake, gari tupu, akipita kila mahali walipopita na Bernardine. Alipanda kilima cha Kaberebere kama anayeteleza.

Jioni alimweleza dada yake, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi safi. Si petroli. Si jua. Si mlima.

Bernardine alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Basi kunabakia nini?"

Byamungu akafungua mdomo, akaona jibu lilipokuwa linaelekea, akaufunga.

"Njo miye nabakia," Bernardine akasema. "Ulitafuta, umepata. Ile motokari inanikatala."

"Yaya," akasema, akimwita kama kwao wanavyomwita dada, "motokari haina macho."

"Haina macho, lakini iko inajua mutu. Bantu banne banono inabeba. Miye mugonjwa, hapana." Akarudi kwenye maharage. "Uiuzishe. Na miye sitarudia tena kule. Nimechoka kutapika mu njia mbele ya bantu."

Alibembelezwa siku kadhaa. Alikuwa amebakiza matibabu mawili, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba kuyaacha njiani ni kuuachia ugonjwa mlango wazi. Kurudi kwa teksi ya kawaida kulishindikana tangu zamani: aliwahi kujaribu, akazimia kabla ya kufika nusu ya njia. Mwishowe alikubali kwenda mara moja tu, kwa sharti kwamba asirudi ndani ya gari lile. Byamungu naye alikuwa amechoka kubishana na kitu asichokielewa. Alimpigia simu Kezironi.

Kezironi alikuwa koplo, akiishi na mkewe Topista karibu na kambi ya jeshi, Mbarara. Alikuwa na gari la aina ile ile, hata rangi ile ile, ila ng'ombe wa pembe ndefu alikuwa amelivunja taa ya mbele na kukunja mlango. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta gari bovu la kung'oa spea. Walikubaliana kuuziana: Byamungu angefika baada ya hospitali na kumkabidhi gari, naye Kezironi angewarudisha Nakivale kwa gari lake mwenyewe.

Siku ilipofika, Bernardine alitiwa dawa, na alasiri wakaingia uani kwa Kezironi. Taa haikuwa imewaka. Toka hospitali hadi pale ni karibu.

"Mwalimu!" Kezironi akapaza sauti. "Umeleta gari yangu?"

"Nimeleta gari yangu. Itakuwa yako tukimaliza."

"Eh, huyu mwalimu na maneno! Topista, leta maji ya mgonjwa."

Topista alileta maji, akamshika Bernardine mkono, na pamoja na Byamungu wakamhamisha hadi siti ya nyuma ya gari la Kezironi. Blanketi likahamishwa naye. Alijilaza kama kawaida yake, kichwa kulia, simbamarara amepandishwa hadi kwenye kidevu. Kezironi akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari lilikuwa limeshinda juani, na ndani mlikuwa kama tanuri. Byamungu alikuwa bado amesimama nje, ufunguo mkononi, akijaribu kukumbuka kama ameacha kitu chochote katika gari lake, aliposikia sauti ya dada yake.

"Mama we! Na hii nayo iko inavuta!"

Kezironi akageuka. "Inavuta nini, nyabo, mama yangu?"

"Bulangeti yangu."

Byamungu aliinama dirishani. "Nani anavuta?"

"Sijue nani. Kwenye ile yetu inavutaka kila siku. Nikilala, kitu inakamata bulangeti hapa kwa sikio, inavuta polepole. Nikirudisha, inakamata tena." Aliona jinsi kaka yake alivyomtazama, akakasirika. "Usiniangalie vile. Ile dawa inanionesha mambo mingi. Ata maji inakuwa na ladha ya musumari. Ningekuambia kila kitu, ungenipeleka kwa wenda wazimu."

Byamungu alifungua mlango wa nyuma. Alichokiona kilimchukua muda kukielewa. Pembeni mwa siti, usawa wa bega la mtu aliyeketi, karibu kabisa na kichwa cha Bernardine, palikuwa na kipande cha plastiki chenye matundu membamba. Sikio la simbamarara lilikuwa limeng'ang'ania juu yake, limenyooka, kana kwamba limegundishwa. Alilibandua. Likarudi lenyewe.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Hiyo? Spika," Kezironi akasema. "Ya muziki."

"Inaimba?"

"Hapana imba. Tangu ninunue, hapana imba hata siku moja."

Byamungu naye, siku alipolinunua gari lake, alikuwa ameitazama plastiki kama ile na kuamua kwamba ni spika. Hakuwa ameitazama tena. Alitoa risiti ya dawa mfukoni, akaisogeza karibu na matundu. Karatasi iliruka kutoka vidoleni mwake na kunata. Aliinamisha sikio: ndani, feni ilikuwa ikizunguka. Spika hutoa kitu. Hii ilikuwa inameza hewa, na nyuma yake, mahali hasa ilipokuwa ikiipeleka hewa hiyo, ilikaa betri, ikipozwa nayo.

Alisimama wima. Kichwani mambo yalikuwa yanagongana. Abiria wa kila siku waliketi; mabega yao hayakuziba matundu. Safari zote za kupima alizifanya ama nao, ama na gari tupu. Alikuwa amebadili petroli, saa, mzigo na mwendo, na katika zote hizo blanketi lilikuwa nyumbani, limekunjwa kitandani kwa Bernardine. Asubuhi alipokwenda naye, aliketi mbele. Je, kitambaa tu kinaweza kuua gari? Au ndiyo kwanza alikuwa anajitafutia maneno ya kutouza?

Alikwenda kwenye gari lake, akabana ukingo wa plastiki kwa kucha na kuing'oa. Kichungi kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimevaa manyoya. Manyoya mekundu, mazito, kama mnyama mdogo amelala mle.

Kezironi hakutaka kupitwa. Aling'oa ya kwake, akatoa maganda ya karanga, vumbi, na mwishowe uzi mrefu wa msuko wa nywele wa rangi ya zambarau. Topista aliuchukua, akaunyoosha juani.

"Kezironi. Mimi napenda hii rangi?"

"Ya abiria!"

"Abiria analala nyuma?"

"Banange, jamani, si mgonjwa huyu naye amelala nyuma? Mwalimu, sema kitu!"

Lakini mwalimu hakuwa akisikiliza. Alikuwa anapiga kichungi dhidi ya kiganja chake, na manyoya yalikuwa yanapeperuka uani.

"Afande," akasema, "leo siuzi."

Kezironi aliacha ugomvi wake. "Ati? Mimi nimeacha kununua mlango, nangoja yako!"

"Nipe mpaka kilima cha Kaberebere. Taa ikiwaka, nageuza, nakuletea leo leo."

"Na isipowaka?"

"Utatafuta ng'ombe mwingine akugongee upande wa pili, ufanane."

Topista ndiye aliyecheka. Kezironi alitema mate chini, kisha akacheka kidogo naye.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Byamungu alichuchumaa mlangoni mwa gari la Kezironi, mbele ya uso wa dada yake.

"Yaya, rudi kwa ile motokari yetu. Lala kichwa upande wa kushoto. Bulangeti nitaiweka miguuni."

"Nilisema sitapanda tena."

"Najua."

"Na kama inawaka? Na kama kweli ni miye?"

Alitaka kumwambia haitawaka. Hakuwa na ushahidi.

"Basi tutajua," akasema.

Bernardine alilisukuma blanketi pembeni. "Weye haujue kabisa kubembeleza mutu," akasema, na kumpa mkono amwinue.

Waliondoka Mbarara. Bernardine alihisi baridi, kama kawaida baada ya dawa, na Byamungu alimpa koti lake kwa sababu blanketi lilikuwa limekunjwa sakafuni, mbali na matundu. Madirisha aliyafungua nusu. Alisikia feni mara moja, mlio mwembamba, kisha ikashuka. Walipita Kaberebere. Kilima kikaanza. Macho yake yalikuwa yanatoka barabarani kwenda dashibodi na kurudi, na vidole vilikuwa vimebana usukani kama vya mtu anayejifunza. Palipogoma mara ile, pembeni pale ambapo Bernardine alitapika, walipapita. Mota ilikuwa inasukuma. Kona ya mwisho. Juu.

"Imewaka?" Bernardine akauliza kutoka nyuma. Alikuwa amefumba macho.

"Haijawaka."

Byamungu aliteremka upande wa pili, akaegesha kando, akazima. Alingoja furaha ije. Badala yake yalikuja maswali. Safari moja haithibitishi kitu. Leo alikuwa amebadili mambo matatu kwa mpigo: kichungi, blanketi, madirisha. Conrad naye hakusema uongo; betri ilikuwa imeumia, ila haijulikani kiasi gani. Njia safi ilikuwa moja.

"Yaya," akasema, akigeuka kwenye siti, "nipe ile bulangeti. Niizibe kidogo pale kwenye matundu. Mbele kuna kilima kingine. Ikiwaka, tutakuwa na hakika kwamba haikuwa weye."

Bernardine alifumbua macho. Aliunyoosha mkono hadi sakafuni, polepole, akalivuta blanketi na kulikumbatia kifuani, simbamarara na sikio lake.

"Byamungu."

"Yaya."

"Washa motokari, twende."

"Lakini bila kupima—"

"Miye nimeshajua." Alijigeuza, uso kwenye mgongo wa siti. "Na mara ijayo tutoke mapema. Leo nimekuta foleni kule hospitali."