Vitu Vilivyopotea Tangi Nyeupe

Mkuu wa polisi alisoma takwimu zake kwa raha, kama mzazi anayesoma matokeo ya mtoto aliyefaulu. Tangi Nyeupe, mtaa ule mdogo nyuma ya Section 58, ulikuwa umetulia kuliko mitaa yote ya upande huu wa Nakuru. Tangu Januari, alisema, unyang'anyi ni sufuri. Kuvunja nyumba, sufuri. Kujeruhi watu, sufuri. Waliokuja barazani wakapiga makofi, na Rumaisa akawatazama mmoja mmoja akijiuliza kama wamerogwa.

Maana aliwajua. Chemutai, aliyekaa mbele yake akipiga makofi, alivunjiwa duka mwezi wa pili wakambebea mpaka mizani. Mzee Salmin, mwenye kumiliki nusu ya nyumba za mtaa, alipokonywa simu mlangoni pake saa nne asubuhi, tena akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Na Sumeya, binti yake Rumaisa mwenyewe, alivamiwa kwenye kijia cha nyuma alfajiri akienda kwenye kibarua chake cha zamani. Walimkata mkono kwa kisu, wakaenda na mkoba wenye kitambulisho. Alishonwa nyuzi saba. Sasa sufuri hiyo ilitoka wapi?

"Lakini vitu vilivyopotea," mkuu akaendelea, akifungua ukurasa wa pili huku akitabasamu, "ni mia mbili na kumi na nne. Nyinyi watu wa hapa mnapoteza vitu sana. Hebu shoneni mifuko yenu vizuri."

Watu wakacheka. Rumaisa, ambaye kazi yake ni kushona sare za shule na anayejua mifuko kuliko mkuu yeyote wa polisi, alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alijua sufuri ilitoka wapi. Ilitoka kwao wenyewe.

Kitambulisho kikiibwa, hupati kingine bila abstract, ile karatasi ya polisi. Ukienda kwenye kituo kidogo cha mtaa ukasema umeibiwa, unaambiwa ungoje mpelelezi, uandikishe maelezo, ulete shahidi, urudi kesho na kesho kutwa. Ukisema umepoteza, unatoka na karatasi yako kabla chai haijapoa. Hakuna aliyelazimishwa. Koplo Kimutai, askari wa kituo hicho, aliwaeleza hayo kwa huruma tu, nao wakaambizana nyumba kwa nyumba, mpaka ikawa desturi. Mtu akiporwa, jirani humpa pole kisha humkumbusha aende akaseme amepoteza.

Sumeya hakutaka kusema hivyo. Alikuwa amepata kazi mpya kwenye maabara moja mjini, na Jumatatu alitakiwa afike na kitambulisho au na karatasi. Ni mama yake aliyemshika ule mkono mzima kwenye foleni, akamnong'oneza aseme kimeanguka njiani. Bandeji waliificha ndani ya buibui. Hilo lilimuuma Rumaisa kuliko maneno ya mkuu, na kuliko wezi wenyewe.

Kisha mkuu akafikia lililomleta. Kwa kuwa mtaa umetulia, kituo kidogo kingefungwa mwisho wa mwezi, na askari wake wawili wapelekwe kwenye mtaa wenye shida. Rumaisa akakiona akilini kile kijia cha nyuma. Tangu Sumeya akatwe, Koplo Kimutai alikuwa akisimama pale kila alfajiri na tochi yake mpaka wanawake wa kazi wapite. Asiposimama yeye, Sumeya angepita na nani?

Rumaisa akasimama bila kuomba nafasi. Akawaambia wote waliowahi kuandikisha kupotea kwa kitu kilichoibwa wasimame naye. Hakusimama mtu. Chemutai alianza kufunga kitambaa chake upya, kitambaa ambacho hakikuwa kimefunguka. Mzee Salmin akanong'ona kwamba anauharibia mtaa jina, na nyumba zikikosa wapangaji atamlaumu yeye. Rumaisa akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hata ile simu yake haikudondoka yenyewe kutoka kwenye kanzu. Mkuu akasema takwimu hazidanganyi, mama aketi.

Hakuketi. Aliondoka pale, akavuka barabara mpaka kwenye kile kibanda cha mabati wanachokiita kituo. Koplo Kimutai akamfuata mbio.

"Fungua hicho kitabu cha matukio, afande," Rumaisa akasema. "Sumeya hakupoteza kitu. Alikatwa."

Kimutai alivua kofia, akakaa. "Mama Sumeya, hiyo ya Sumeya lazima akuje mwenyewe, na saa hii ako job. Na nikiandika mlidanganya, hiyo ni kosa. Wewe ndio ulimwambia aseme hivyo. Itabidi nikuandike wewe."

"Niandike."

"Hiyo ni kesi ya korti, mathe. Unaweza fungwa."

Rumaisa akamwambia kwamba uongo ule ulikuwa umemkaa kooni tangu siku waliousema. Akamwambia pia kwamba aliyeufundisha mtaa mzima kudanganya ni yeye Kimutai, kwa huruma yake, kwa hiyo leo asimwonee huruma tena. Koplo aliinamisha kichwa.

Akafungua kitabu, akaandika polepole. Jina. Namba ya kitambulisho. Saa tano na dakika kumi asubuhi. Kosa: kutoa habari za uongo kwa polisi. Rumaisa aliyasoma maneno hayo kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza, moja baada ya jingine. Kule uwanjani makofi yalilia tena, watu wakaanza kutawanyika.

Mkuu akaingia akimtafuta koplo wake, karatasi za takwimu zikiwa kwapani. Rumaisa akakigeuza kitabu, akakisukuma mpaka mbele yake, akaweka kidole kwenye jina lake.

"Haya, bosi," akasema. "Mtaa umepata mhalifu. Bado mnahama?"