Jitambulishe Kwanza

Kwa miaka thelathini mzee huyu alikuwa opareta wa simu katika hospitali kubwa, na alistaafu na sheria yake moja: anayepiga ndiye anayejitambulisha. Asiyetaja jina alikatiwa, awe daktari, awe shemeji. Watoto wake waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mchana ule simu iliita kutoka namba ngeni.

"Halo. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Mimi ndiyo nani?"

Zilisikika honi za mabasi.

"Bwana, mimi si mpiga ramli. Taja jina au nakata."

"Nilitaka tu kujua kama mko salama," sauti ilisema.

Mzee akakata.

Mkewe alikuwa akichambua mchele mezani. "Alikuwa nani?"

"Mhuni mmoja. Hana jina."

"Si ulimnyang'anya wewe?" Mkewe akausukuma ungo. "Nimemsikia mpaka huku. Ni kitinda mimba wako, baba watoto. Siku alipoacha chuo akashike spana gereji, ulimwambia asithubutu kujiita mwanao popote. Mwaka wa sita huu. Sasa ulitaka ajitaje nani?"

Mzee aliichukua tena simu. Yeye aliyekuwa akiwatambua madaktari kwa kukohoa tu, sauti ya mwanawe ilikuwa imempita hivi hivi. Akaipiga namba ile. Akapokea mwanamke.

"Simu ni yangu, baba, nauza tiketi hapa stendi. Huyo kaka nimemwazima tu. Yupo pale kwenye benchi, basi lake linaondoka saa kumi. Nimwite? Nimwambie nani?"

Mzee akajitambulisha. "Baba yake."

Akasikia viatu vikienda. Vilichelewa, halafu vikarudi.

"Mzee wangu, unisamehe, mimi natumwa tu. Anasema alishaambiwa hana baba."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini. Kwa miguu yake, stendi ilikuwa mwendo wa nusu saa nzima, akikazana.

"Usimwambie kitu," alisema. "Nakuja."

Akatumbukiza miguu kwenye makubadhi, simu akaiacha mezani.

"Na akikataa kuzungumza na wewe?" mkewe aliuliza.

"Akatae akinitazama usoni," alijibu, tayari yuko mlangoni.