Chipu Niliyoipima kwa Baridi ya Mollo

Sisahau. Mwaka 1998 mhandisi mmoja aliyetoka Mbeya alinibandikia kosa lake mbele ya watu, akaniita fundi redio. Tangu hapo hakuna mkutano Sumbawanga ambao wasomi hawajanisikia nikiwasema. Haya ya leo, lakini, nimeyafanya mimi.

Zahanati moja bondeni kwenye joto, upande wa Mtowisa, ilitaka saketi ya kutuliza umeme wa sola kwa friji ya chanjo. Moyo wake ni chipu inayofungua na kufunga umeme mara elfu hamsini kwa sekunde, ikirefusha au kufupisha kila mpigo kadiri friji inavyovuta. Niliiigiza kwanza kwenye kompyuta, nyumbani Mollo, nimevaa sweta. Programu ina kisanduku cha joto. Nikaandika nyuzi ishirini. Debora, binti wa chuo cha ufundi aliyeunganisha saketi yenyewe, aliniomba nijaribu arobaini.

"Binti, hiyo ni chipu, si maziwa," nikamjibu. Mafundi wenzangu wakacheka.

Siku ya tatu baada ya kufungwa zahanati, saketi ikaungua, chanjo zikaharibika. Kwenye mkutano wa kamati ya zahanati nikanguruma kwamba Debora alilehemu viungo ovyo, na kwamba vyeti haviunganishi waya. Mwenyekiti Masanja akasema Ijumaa wataamua kama watamwondoa kazini.

Alhamisi nikaandika arobaini na mbili, nipate ushahidi wa kummaliza. Mipigo ikarefuka, umeme ukapanda, transista ikafa pale kwenye kioo cha kompyuta, ileile iliyoungua kule. Nikarudia mara tatu. Chipu ya watu wa joto nilikuwa nimeipima kwa baridi yangu. Nikawaza kusema programu ilikuwa mbovu. Ndiyo, mimi niliwaza hivyo, na kumbukumbu zangu zote za yule mhandisi.

Ijumaa nikateremka bondeni. Nikaanza na mipigo, nikaingia kwenye umeme kupanda, nikazunguka weee, mpaka Masanja akanikatiza: kosa ni la nani?

"Langu," nikasema. "Debora aliniambia, nikamcheka."

Nyuma alikaa mama Kabula, ambaye mjukuu wake alirudishwa bila chanjo.

"Huku hatujasikia, baba," akasema. "Siku ile ulisikika mpaka kisimani."

Nikasimama, nikarudia kwa sauti. Debora alikuwa akitazama sakafu. Nilipomaliza aliendelea kuitazama.