Mama wa Kitabuni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni uzi. Ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa karatasi alizozishika mdogo wangu, mweupe, umekatika kama uzi wa kifungo kilichong'olewa kwa nguvu. Karatasi zenyewe hazikuwa na jalada. Zilianzia katikati ya sentensi: "akafunga mlango, na watoto wakabaki wanausikiliza ufunguo."

"Kitabu kiko wapi?" nikamuuliza.

"Ndicho hiki."

"Hiki ni kipande."

"Basi ndicho kipande changu, dada. Shika pembe."

Tulikuwa tunakunja mashuka. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyekuwa akiifulia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kwetu, na tangu miguu ianze kumvimba kazi ile ikawa yangu. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu, linaburutika chini, unarudi nalo kwenye beseni. Kwa hiyo jioni mdogo wangu akitoka shule alishika pembe zake mbili nami zangu, tukavuta, tukakutana, tukaachana. Shuka moja, kisha ukurasa mmoja kwa sauti. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na niliyaona ya haki, maana mimi shule niliiachia darasa la tano na yeye alikuwa sekondari. Nilimwita Profesa. Mwanzoni nilimtania tu.

Shule yao ilikuwa na vitabu vichache vya fasihi kuliko wanafunzi, kitabu kimoja kwa kikundi kizima. Kiongozi wa kikundi chao, kijana mmoja mrefu tuliyemwita Dhamira kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni, akachukua wembe akakikata kama kuku. Kila mtu na mnofu wake, Ijumaa wanabadilishana. Alijiona ana akili nyingi! Hakufikiri kwamba minofu ingezunguka ovyo, kila mtu akimpa aliyekutana naye kwanza. Sisi tulianzia katikati, tukarudi mwanzo, tukaruka mbele. Nilijua mume wa yule mama, mhusika mkuu, amekufa kabla sijahudhuria harusi yake.

Yule mama hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mama wa Kitabuni. Alikuwa na watoto wawili, akawaacha kwa jirani, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chumvi.

Na hapo ndipo Profesa alipoanza kunitia wazimu.

"Hapa mwandishi anaeleza mvua," alisema. "Naruka."

"Usiruke!"

"Dada, mvua haitoki kwenye mtihani."

"Kwani watoto wako ndani au nje?"

"Haliulizwi hilo."

Haliulizwi hilo. Neno hilo nililisikia mpaka nikaota nalo. Nikiuliza wale watoto wamekula nini, haliulizwi. Nikiuliza jirani anawapenda au anawavumilia tu, haliulizwi. Yanayoulizwa, nikaambiwa, ni nafasi ya mwanamke, mandhari, na tamathali za semi. Nikamwambia nafasi ya mwanamke naijua, ni hapa nilipo, kati ya beseni na kamba ya nguo. Akacheka, akaandika kitu pembeni. "Asante, nimepata hoja."

Mimi si mtu wa maneno mengi. Mgeni akija kuulizia mashuka, namjibu nikiwa nimeangalia miguu yake. Lakini kwa kitabu kile nilikuwa mlalamishi kama kasuku mwenye njaa. Nilitaka kujua jambo moja tu: yule mama alirudi?

Mama yetu aliondoka mwaka ule ule nilioachia shule. Alisema kuna kazi mbali, atarudi mvua zikikatika. Alipiga simu mara chache, sauti yake ikija na kuondoka kama mtu anayeongea akizunguka nyumba. Kisha namba ikawa haipatikani. Mdogo wangu alikuwa mdogo kiasi kwamba viatu vyake nilimvalisha mimi. Mama mkubwa hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo, na sisi tukamuiga. Ndani ya nyumba yetu mama alikuwa kama kisima kilichofunikwa. Kila mtu alijua kilipo, na hakuna aliyepita juu yake.

Kipande cha mwisho alikuwa nacho msichana mmoja wa kikundi chao. Baba yake akahamishwa kikazi, familia ikaondoka, na mwisho wa kitabu ukaondoka ndani ya begi lake. Wiki ile ile mwalimu wa fasihi akatoa kazi: elezeni hatima ya mhusika mkuu, ikusanywe Jumatatu.

Dhamira akaja kwetu, akasimama kizingitini.

"Shikamoo mama mkubwa. Profesa, tusihangaike. Hatima tunaipata kutokana na dhamira."

"Marahaba," mama mkubwa akamjibu kutoka kwenye kigoda chake. "Na wewe wembe wako uko wapi? Nataka nikunyoe."

Jumapili mchana mdogo wangu akanisomea alichoandika. Alisoma vizuri, Mungu wangu, alisoma kama mtangazaji. Mama wa Kitabuni alifia kwenye chumvi. Aliugua, wakamlaza kwenye kibanda, akafa akiwa hajatuma salamu wala senti. Watoto wakakua. Mwisho.

Nikaiachia pembe ya shuka.

"Nani kakwambia amekufa?"

"Vitabu vya namna hii mhusika huwa anakufa."

"Huna ukurasa wa kifo chake! Hujausoma! Unamuuaje mtu hujasoma?"

"Dada, ni zoezi tu."

"Basi muandikie anarudi. Kama ni zoezi tu, muandikie anarudi!"

"Nitoe wapi hoja?" Naye sasa sauti ilikuwa imepanda. "Mtu anayetaka kurudi hutuma hata salamu. Hii miaka yote? Hata salamu?"

Miaka. Ndani ya kitabu haikutajwa miaka. Nilimtazama, naye akatazama karatasi yake.

"Punguzeni sauti," mama mkubwa akasema taratibu. "Wageni wanasikia."

Tukaliokota shuka. Lilikuwa limeingia vumbi, ikabidi nilifue upya. Jumatatu Profesa akakusanya kazi yake kama alivyoiandika.

Siku mbili baadaye Dhamira akaja mbio na kipande cha mwisho, amekiazima kwa kikundi kingine kilichoiga wembe wake. Mdogo wangu hakukigusa. "Nimeshakusanya," akasema, akaenda kuoga.

Nilikichukua mimi. Nilikaa chini ya kamba ya nguo, mashuka yakinipiga mgongoni, nikasoma kwa kidole, neno baada ya neno, nikirudia niliyoyavuka bila kuyaelewa. Mvua ilikuwemo, na sikuiruka. Nilisoma mpaka nikamkuta yule mama kituo cha mabasi, ana kifurushi cha chumvi kwapani, anamuuliza dereva wanaondoka saa ngapi. Nikafunua ukurasa.

Maswali ya marudio.

Swali la kwanza: Je, unafikiri alirudi kwa watoto wake? Toa sababu.

Yaani mimi! Mimi niliyengoja vipande muhula mzima, niliyenyimwa mvua nikalishwa mandhari, ndiye naulizwa! Nikaingia ndani nikamsomea mama mkubwa lile swali.

Akafikiri. "Huyo mwandishi alilipwa nusu," akasema, "akamaliza nusu." Kisha akageuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika, nami mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Ijumaa kazi ikarudi. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Umemuua kwa ushahidi upi? Rudia. Mdogo wangu akaniletea kwenye kamba, akanionesha. Nilidhani atakasirika, lakini alikuwa na uso ule wa zamani, wa kusubiri kufungwa viatu.

"Niandike nini, dada?"

Tulikuwa tumelishika shuka, kila mmoja upande wake, limejaa upepo kati yetu. Kulikuwa na nafasi ya kusema kila kitu.

"Andika yuko kituoni," nikamwambia. "Vuta."

Akavuta. Akaandika hivyo, akapata alama nzuri, na hatukuzungumza tena juu ya kitabu kile. Sasa amemaliza shule na yuko chuoni, mbali, na mashuka makubwa nayakunja na mama mkubwa, yeye ameketi, mimi nimesimama.

Siku ile, mdogo wangu, sikupiga kelele kwa sababu uliandika uongo. Nilikuwa nimekwisha kufikiri hivyo hivyo, siku nyingi, nikiwa peke yangu kwenye beseni. Ila ulimzika mama na mimi nipo, nimesimama pale pale upande wa pili wa shuka, na hukuniita.