Maelezo ya Safu ya Saba

Hakuna mtu aliyevimba kichwa kama Mtaalamu Jumatatu ile, na tuseme ukweli, kichwa chenyewe hakikuwa na mengi kihivyo. Jina la Mtaalamu walimbandika mafundi wa kiwanda cha kamba, nusu sifa nusu kejeli, siku alipowatangazia kwamba amesomea kompyuta. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na miezi yenyewe ilikuwa inaisha Ijumaa. Meneja alimwambia waziwazi: "Alhamisi wanakuja wateja wakubwa. Nataka majedwali yote ya vipimo yapendeze. Yakipendeza, una kazi. Yasipopendeza, tutaagana vizuri."

Majedwali yalikuwa mia nne na kumi na mawili, na yote yalijazwa na mtu mmoja: shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mpimaji wa kamba kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemwombea kijana nafasi hiyo. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuvuta kamba kwenye mashine mpaka ikatike, kisha kuingiza ilikatikia kilo ngapi. Kila bunda la kamba lilikuwa na safu yake kwenye jedwali, na juu ya kila safu kulikuwa na visanduku vitatu: jina, kipimo na maelezo. Kwenye jina Shangazi hakuandika kitu. Kwenye kipimo aliandika mara "kilo", mara "kg", mara "kama kawaida". Lakini kwenye maelezo, jamani, alijimwaga.

Watu huandika maneno mawili hapo. Shangazi aliandika barua. Na kwa kuwa hakujua nani ataisoma, kila moja aliianza hivi: "Shikamoo ikiwa umenizidi umri, ikiwa nimekuzidi, marahaba. Natumaini hujambo na wa nyumbani hawajambo. Mimi niko salama, ila goti." Huko chini kabisa, baada ya goti, ndiko ilikokuja habari ya kamba.

Mtaalamu alisoma mwanzo wa barua tatu, akachoka. "Huyu mama ataniharibia kazi," alisema, na mama mwenyewe ndiye aliyemlea tangu darasa la kwanza! Akakaa akaandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe bila kuchoka wala kuuliza. Yalikuwa matatu tu: vipimo vyote viwe kilo; herufi thelathini za mwanzo za maelezo ziwe jina la safu; maelezo yote yafutwe. Nakala ya akiba? Thubutu! Mtaalamu gani huyo wa kuogopa kazi ya mikono yake? Akabonyeza. Miaka kumi na tisa ikasafishwa kwa sekunde kumi na moja, naye akaenda kunywa chai akitembea kama mwenye kiwanda.

Alhamisi wateja watano walikaa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Mbele yao alisimama meneja, mtu wa kilo mia na ishirini na sauti ya uzito huohuo. Mtaalamu akawasha grafu ukutani. Ilikuwa na mistari tisa, ya mabunda tisa ya kamba mpya, na pembeni, mahali ambapo kila mstari ulitakiwa kutajwa jina, paliandikwa mara tisa: *Shikamoo ikiwa umenizidi umri,*

Mteja mmoja mzee akavaa miwani, akasoma, akaitikia kwa heshima zote: "Marahaba. Mimi nina sabini na moja."

Wenzake wakaangua kicheko. Mtaalamu akaanza kubonyeza huku na kule, na kila alikobonyeza alizidi kusalimiwa.

Meneja hakuwa mtu wa kukubali kuaibika mbele ya wageni. "Majina si hoja!" alinguruma. "Tazameni mstari wa juu kabisa, safu ya saba. Umewaacha wenzake mara tatu! Na ili mniamini, mimi mwenyewe nitaning'inia kwenye kamba ya bunda la saba. Twendeni uani!"

Wageni wakatoka wakipiga makofi. Mtaalamu akabaki anautazama ule mstari. Kamba nane zilikaribiana kwa kila kitu, hii moja iko juu peke yake. Kwa nini? Sababu ilikuwepo, imeandikwa na shangazi yake, chini ya goti, naye ameifuta. Akinyamaza, kamba ikashika, kesho ana kazi. Akisema, amemwaga unga mbele ya watu wote. Aliwaza hivyo kwa muda ambao baadaye aliuonea haya, kisha akatoka mbio kwenda chumba cha vipimo.

"Shangazi! Bunda la saba lina nini?"

Shangazi hakuinua macho kwenye mashine yake. "Umeingia chumbani kwa mtu au zizini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, lakini meneja..."

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo! Si tumetoka wote nyumbani asubuhi?"

"Na goti langu huliulizi."

"Goti lako je?" Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Afadhali kidogo. Haya, sema sasa."

"Bunda la saba, Shangazi!"

"Si nimeandika? Namba zile si za kamba. Fundi alikuwa anaijaribu mashine kwa mnyororo wa chuma, zikajiingiza hapo. Bunda la saba sijalipima na sitalipima, lililowa ghalani, uzi wake umeoza. Hukusoma?"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Maelezo. Yote."

Shangazi akazima mashine, akamgeukia, na kijana akatamani atukanwe. Kisha mama akauliza, "Na meneja yuko wapi?"

"Ananing'inia."

Goti au si goti, Shangazi alitangulia kufika uani. Mafundi walikuwa wamemfunga meneja kamba kiunoni, wakaipitisha juu ya boriti na kumvuta; miguu yake ilikuwa imeshapita vichwa vya wageni, mikono kaitandaza kama anayepokea sifa. "Mshusheni!" Shangazi alipiga ukelele. Mafundi wakasita, wakamtazama meneja. Hapo Mtaalamu akapiga moyo konde: "Mshusheni, kamba imeoza! Namba za safu ya saba ni za mnyororo! Maelezo yalikuwepo, mimi ndiye nimeyafuta!"

Wakamshusha upesi. Ilikuwa imebaki nusu mita kamba ikasema *tap!* na meneja akakaa chini kwa kishindo kilichorusha vumbi mpaka kwenye suruali za wateja. Yule mzee akaokota kipande, akakivuta kwa vidole viwili, kikaachana. "Hata mbuzi atakukimbia na hii," alisema.

Meneja, angali amekaa vilevile, akamnyooshea Mtaalamu kidole. "Wewe, kesho usije."

"Kesho atakuja," alisema Shangazi. "Kuna maelezo ya majedwali mia nne na kumi na mawili ya kuandika upya. Mimi ninayo kichwani, na nimebakiza miezi minne nistaafu. Nani mwingine ataandika?"

Meneja aliangalia ile nusu mita aliyoanguka, akaangalia boriti alikokuwa ananing'inia, akasema, "Aje."

Walirudi chumba cha vipimo, wakaketi. Mtaalamu akafungua jedwali la kwanza, visanduku vya maelezo vilikuwa vitupu mstari mzima.

"Shangazi, nisamehe. Lakini miaka yote hii ulikuwa unamsalimia nani?"

"Atakayeishika mashine nikiondoka. Kila siku nilikuwa namuwaza. Awe mkubwa, awe mdogo, sikujua, nikawa naandika hivyo hivyo." Alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nilipokuombea kazi kwa meneja, nikajua ni wewe. Barua zote zile zilikuwa zako, mwanangu, na hukusoma hata moja mpaka mwisho."